Hesabu ya Waliobaki Nje

Kuna aina ya video ambayo klabu za raga za Australia hazichoki kuitengeneza. Kocha amekaa na kikosi chake, anapitia mambo ya kawaida ya mechi ijayo, kisha katikati ya maneno anamtaja kijana mmoja na kusema kwamba wikendi hii atacheza. Wenzake wanamrukia. Simu inatolewa, mama anapigiwa akiwa kazini au jikoni, na kijana hajamaliza sentensi mama keshaanza kulia. Siku ya mechi baba, kaka au nyanya anaingizwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo amkabidhi jezi kwa mikono yake. Nimezitazama nyingi. Baadhi zimeniliza, wala sioni haya kusema. Ugomvi wangu nazo ni kwamba zimegeuka kuwa hesabu pekee ambayo mchezo huu unatutolea kuhusu vijana wake. Tunaonyeshwa aliyefika, kwa muziki wa taratibu, na wale walioanza naye safari hatuelezwi walishukia wapi.

Nazungumzia NRL, ligi kuu ya raga ya wachezaji 13. Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua zaidi raga ya wachezaji 15, na ile ya wachezaji saba ya Safari Sevens. Hii ni ndugu yao aliyetoka nyumbani kwa ugomvi. Timu yenye mpira inaruhusiwa kuangushwa mara sita. Ya sita ikipita bila trai, mpira ni wa wapinzani. Hakuna kurundikana kuugombea chini. Mtu anakimbia, anagongwa, anaamka, anausukuma mpira nyuma kwa mguu, mwenzake anauokota na kukimbia, naye anagongwa. Dakika 80 ni hivyo. Kule Sydney na Brisbane ndio mchezo wa mitaa ya wafanyakazi, kama soka ilivyo kwetu, na mechi zao za Ijumaa usiku huku huonekana saa sita au saa saba mchana, wakati ambao mtu mwenye tasnifu ya kuandika hana kisingizio cha kuwa mbele ya skrini. Kiwango cha juu kabisa wenyewe wanakiita daraja la kwanza. Ukicheza humo hata mara moja, klabu nyingi zinakuandika kwenye orodha yao ya kihistoria na kukupa namba yako, na namba hiyo haifutwi hata usipoonekana tena uwanjani.

Njia ya kufika huko, kwa kijana wa Sydney, ina ngazi zilizopewa majina ya viongozi wa zamani wa mchezo. Anaanza akiwa na miaka mitano au sita kwenye klabu ya mtaa inayoendeshwa na wazazi wanaojitolea, wale wanaochoma soseji za kuuza asubuhi na kufua jezi jioni. Akionekana anafaa, klabu kubwa inamwita kwenye kikosi cha Harold Matthews, chini ya miaka 17. Baada yake ni SG Ball, chini ya miaka 19, kisha Jersey Flegg, chini ya miaka 21, kisha Kombe la New South Wales, ambako anakutana na wanaume wenye ndevu na watoto. Ndipo daraja la kwanza. Klabu ziko 17, kila moja ina orodha ya wachezaji wakuu 30. Fanya hesabu mwenyewe: nafasi 510 katika nchi nzima pamoja na New Zealand, na nyingi zina wenyewe ambao hawana haraka ya kuondoka. Siku ya mechi jezi za kuvaliwa ni chache zaidi kwa kila timu.

Sasa, uchache wa nafasi si dhambi ya mtu. Hata kwaya ina waimbaji wachache wa mbele. Dhambi ni namna mchezo unavyokusanya watoto wengi kwa ajili ya nafasi hizo chache kisha ukajifanya haukuwaita.

Tuanzie kwenye kuitwa. Katika kandanda ya Australia, AFL, vijana huingia ligi kuu kwa mgawo: klabu zinachagua kwa zamu, na kijana huchaguliwa akiwa na miaka 18 hivi. Raga ya wachezaji 13 ilijaribu mgawo wa namna yake mwaka 1990. Terry Hill, kijana wa wakati huo, akapangiwa klabu asiyoitaka. Wachezaji wakaenda mahakamani, na mwaka 1991 Mahakama ya Shirikisho ikaamua kwamba mfumo ule ulimbana mtu isivyo haki katika kuuza kazi yake mwenyewe. Naiunga mkono hukumu ile kwa mikono miwili. Mfanyakazi hagawiwi kama mahindi ya msaada. Lakini angalieni kilichoota kwenye uwazi ule. Kwa kuwa hakuna siku moja ya kuchagua, kila siku ni siku ya kuchagua, na klabu inayosubiri kijana afike miaka 18 itamkuta ameshatia saini kwingine. Basi wanamfuata akiwa na miaka 16, wenzao wakamfuata akiwa na 15, wengine wakaanza kuulizia wa 14. Uhuru ambao watu wazima waliupigania mahakamani ukageuka soko la watoto, na katika soko hilo mtoto hana chama cha kumsemea. Ana wakala, ambaye naye anakula kutokana na saini.

Ninapofika hapa huwa nakumbushwa kwamba vijana hawa wanalipwa, wana makocha, wana madaktari, wana mazoezi ya kisasa. Watoto wangapi duniani wangetamani? Kweli. Ila ni vizuri tukaangalia wanalipwa kama nani.

Raga hii ilizaliwa kwa sababu ya mshahara. Tarehe 29 Agosti 1895, klabu za Yorkshire na Lancashire zilikutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield, Uingereza, zikajitenga na chama cha raga kwa sababu kilikataa wachezaji wafidiwe siku ya kazi waliyoikosa. Wachezaji wao walikuwa watu wa migodini na viwandani. Jumamosi ilikuwa siku ya kazi, na kucheza kulimaanisha kukosa ujira. Waungwana wa London waliona kwamba kulipwa ni kuuchafua mchezo. Wale wa kaskazini wakaanza na fidia isiyozidi shilingi sita kwa siku, na dunia haikuanguka. Mwaka 1907 moto huohuo ukafika Sydney. Kisa kinachosimuliwa sana ni cha Alex Burdon, kinyozi, aliyeumia bega akiichezea timu ya New South Wales, akashindwa kufanya kazi yake, na chama kisimpe chochote. Kinyozi asiyeweza kuinua mkono. Kutokana na manung'uniko ya namna hiyo kilianzishwa chama kipya, na msimu wa kwanza ukachezwa mwaka 1908.

Kwa hiyo ungetarajia kwamba katika jimbo la New South Wales, nyumbani kwa Burdon, mchezaji wa leo akivunjika bega ni mfanyakazi aliyeumia kazini. Hapana. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya jimbo hilo, ya mwaka 1998, inamtoa mwanamichezo aliyesajiliwa katika maana ya neno "mfanyakazi" anapocheza, anapofanya mazoezi, hata anaposafiri kwenda kucheza. Mpanda farasi wa mashindano anahesabiwa mfanyakazi. Kijana anayegongwa na jitu la kilo 115 hahesabiwi. Nilikisoma kifungu hicho mara tatu nikidhani Kiingereza cha wanasheria kimenipiga chenga.

Mastaa hawaumizwi na kifungu hicho. Mikataba yao ina bima, klabu zinawatibu, na mshahara wa chini kabisa wa mchezaji wa orodha ya 30 unapita dola 100,000 za Australia kwa mwaka. Anayeumizwa ni yule wa ngazi za kati, mwenye miaka 19, anayefanya uanagenzi wa umeme au useremala alfajiri hadi alasiri kisha mazoezi hadi usiku, kwa posho. Goti lake likichanika kano, kupona kunachukua miezi tisa hadi mwaka. Klabu inaweza kugharimia upasuaji. Je, nani anamlipa ujira wa fundi asiyeweza kupanda ngazi? Na mkataba ukiisha goti halijapona, nani anamkumbuka? Ndiye Burdon mwenyewe, miaka zaidi ya mia baadaye, safari hii ndani ya chama kilichoanzishwa kwa ajili yake.

Nitaugusa mkasa mwingine kwa uangalifu. Kati ya mwaka 2008 na 2017 ligi ilikuwa na mashindano ya kitaifa ya vijana wa chini ya miaka 20. Yalichezwa kabla ya mechi za wakubwa, kwenye viwanja vilevile, yakionyeshwa kwenye televisheni. Vijana wakawa mastaa kabla ya kuwa wachezaji. Walipanda ndege kutoka Sydney hadi Townsville hadi Auckland, wakasikia majina yao yakitangazwa, kisha miaka 20 ikatimia na wengi wao wakakuta mlango umefungwa. Katika miaka hiyo vijana kadhaa waliokuwa katika mashindano hayo au waliotoka humo karibuni walijiua. Sitawataja, familia zao zimeshasomwa magazetini vya kutosha. Mmoja wao alikuwa na miaka 20, na siku hiyohiyo alikuwa ameumia mazoezini. Sidai kwamba raga ndiyo iliyowaua, maana kifo cha namna hiyo hakina sababu moja na anayekupa sababu moja anakudanganya. Ninachodai ni kwamba mchezo uliwafundisha vijana wale kwa miaka mingi kwamba thamani yao iko mbele, siku fulani, ndani ya jezi fulani, na siku hiyo ilipoyumba hawakuwa wamefundishwa kingine cha kushikilia.

Ligi haikukaa kimya, na tuseme haki yake. Iliongeza maofisa wa ustawi klabuni na mafunzo ya afya ya akili, na mwaka 2017 ulipoisha ikayafuta mashindano yale, vijana wakarudishwa kwenye ligi za majimbo. Ulikuwa uamuzi mzuri. Kijana wa miaka 19 anayecheza Kombe la Queensland dhidi ya fundi bomba wa miaka 31 anajifunza mambo mawili kwa wakati mmoja: namna ya kuangusha mtu mzima, na kwamba mtu anaweza kuwa fundi bomba, akapenda raga, akaishi vizuri. Cooper Cronk alipitia njia hiyo. Alichezea Norths Devils ya Brisbane, akaingia daraja la kwanza na Melbourne Storm mwaka 2004 akiwa na miaka 20, akazungushwa nafasi mbalimbali akitokea benchi, na hadi mwaka 2006 ndipo akakabidhiwa namba 7 kuwa yake. Alistaafu mwaka 2019 akiwa na mechi 372. Mechi yake ya kwanza haikumbukwi na mtu, na hilo halikumpunguzia kitu.

Lakini hoja inayotawala mijadala kuhusu vijana bado ni ya umri. Ligi ina kanuni kwamba mchezaji awe ametimiza miaka 18. Mwaka 2021 Sydney Roosters waliomba ruhusa maalumu kwa Joseph Suaalii, wakapewa, naye akacheza akiwa na miaka 17. Baada ya mechi tano mguu ukaumia na msimu wake ukaisha hapo. Kwa wiki nyingi nchi nzima ilibishana: yuko tayari, hayuko tayari, mwili wake ni wa mtu mzima, mifupa yake ni ya mtoto. Akaja kuwa mchezaji mkubwa, na baada ya msimu wa 2024 akahamia raga ya wachezaji 15 kwa fedha nyingi. Kwa maoni yangu ubishi wote ule ulikuwa wa starehe. Suaalii alikuwa kijana mwenye ulinzi kuliko wote Australia: klabu tajiri, wanasheria, kamera, taifa zima likipima mguu wake. Ukitaka kujua kama mchezo unalea vijana, usimtazame aliyeombewa ruhusa ya kuingia mapema. Mtazame aliyecheza naye upande wa pili wa uwanja akiwa na miaka 15, ambaye hakuombewa chochote.

Wapinzani wangu wana jibu moja la nguvu, nalo ni Penrith. Klabu ya magharibi kabisa mwa Sydney, imetwaa ubingwa mara nne mfululizo, 2021 hadi 2024, jambo ambalo halikuwa limeonekana tangu enzi za St George waliotwaa mara 11 mfululizo kati ya 1956 na 1966. Na imefanya hivyo kwa vijana iliowalea yenyewe. Jarome Luai na Brian To'o ni watoto wa mitaa ya jirani. Mwaka 2022 wao wawili pamoja na Stephen Crichton waliivaa jezi ya Samoa katika fainali ya Kombe la Dunia. Nani asiyefurahi? Mimi nilifurahi. Lakini tazama kilichofuata. Ligi ina ukomo wa mishahara, ili matajiri wasinunue kila mtu, na ukomo huo hautofautishi sana kati ya mchezaji uliyemnunua na uliyemkuza tangu utotoni. Wakiiva, thamani yao inapanda, huwezi kuwalipa wote, wanaondoka. Crichton alikwenda Bulldogs, Luai akaenda Wests Tigers. Ukipanda vizuri unavunisha majirani. Kwa klabu isiyo na ukarimu wa Penrith, somo la kibiashara liko wazi: kulea polepole hakulipi, chota wengi kwa bei ndogo, subiri mmoja alipuke.

Na hao wengi ni nani? Karibu nusu ya wachezaji wa NRL wana asili ya visiwa vya Pasifiki: Samoa, Tonga, Fiji, Visiwa vya Cook. Ni watoto na wajukuu wa watu waliohamia Auckland na Sydney kufanya kazi za viwandani na za usafi. Miili yao hukomaa mapema, hivyo huonekana mapema, hivyo husajiliwa mapema. Mtoto wa miaka 15 mwenye kilo 95 anawapita wenzake kwa uzito tu, hafundishwi kupiga pasi kwa sababu hahitaji. Akifika miaka 19 wenzake wamemfikia kwa kilo, na yeye hana pasi. Kocha aliyeshinda naye kombe la vijana ameshapandishwa cheo. Nyumbani, kwa miaka minne, ukoo mzima umekuwa ukimwita mkombozi. Sisi tunaotoka kwenye familia ambazo mtoto mmoja akifaulu ndiye karo ya wadogo zake hatuhitaji kutafsiriwa uzito huo.

Hata fedha za kuwalea zina harufu. Klabu nyingi za raga za New South Wales zimesimama juu ya majumba ya starehe yenye mashine za kamari, zilizohalalishwa katika klabu za jimbo hilo mwaka 1956. Katika mitaa ileile anakotoka kijana, mjomba wake anatumbukiza mshahara kwenye mashine, faida inanunua koni na jezi za watoto, na ukutani kuna bango la klabu kujisifu kwamba inawekeza kwa jamii.

Nini kifanyike? Sitaki mgawo urudi, wala sitaki umri upandishwe hadi miaka 21 ili tujisikie vizuri. Nataka hesabu. Kila klabu inayotia saini na mtoto wa chini ya miaka 18 itangaze, miaka minane baadaye, kikosi kile kiko wapi: wangapi walicheza daraja la kwanza na mechi ngapi, wangapi waliachwa wakiwa na jeraha, wangapi walimaliza uanagenzi au chuo, wangapi klabu haijui waliko. Hilo la mwisho ndilo ninalolitaka zaidi. Klabu zinajua mbio za kijana wa miaka 16 kwa sehemu za sekunde, zinajua alilala saa ngapi na amekunywa maji kiasi gani. Zisiniambie kwamba haziwezi kujua kama akiwa na miaka 24 anafanya kazi.

Pili, aliyeumia akiwa chini ya mkataba wa klabu, hata wa posho, alipwe ujira wa kazi yake ya kawaida hadi apone, na bunge la jimbo likifute kile kifungu. Hoja kwamba itakuwa ghali ndiyo hoja iliyotolewa mwaka 1895, na waliyoitoa waliachwa na klabu zao. Tatu, tuige kitu kimoja kutoka soka, mchezo ambao kwa kawaida si wa kuigwa kwa maadili. FIFA inataka mchezaji anapouzwa katikati ya mkataba kwenda klabu ya nchi nyingine, asilimia tano ya ada igawanywe kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Katika NRL ada za uhamisho si desturi, kwa hiyo njia iwe nyingine: kila mkataba wa daraja la kwanza utoe kipande kwa klabu ya mtaa ambako mchezaji alianzia, na kipande kingine kwa mfuko wa kuwasomesha wale wa kikosi chake ambao hawakufika.

La kwanza halihitaji sheria mpya wala kikao cha tume. Vikosi vya Harold Matthews vya mwaka 2018 vina orodha, majina yamo kwenye kumbukumbu za klabu, na vijana hao sasa wana miaka 24. Karani mmoja angeweza kuanza kupiga simu Jumatatu.